Nyuzi Ishirini Nje, Sita Ndani

Wewe uliyelichora kufuli hili,
sikujui jina, na sijaanza kukutukana.
Ni Februari, Kuopio, ghorofa ya pili
juu ya duka la matairi la Pentti Ruuska.
Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri,
ndani ni nyuzi sita,
na hakuna hata mmoja unaosema ukweli.

Gitaa ni la Onni, wa ile bendi ya makelele
inayofanyia mazoezi kwenye ghala la viazi.
"Hilkka," kaniambia, "sauti inapotoka yenyewe,
wala sijaligusa."
Nikamwamini. Nikawasha taa.

Vibano vitatu, nyuzi sita.
Ulihesabu, ukagawa kwa mbili, ukaridhika.
Lakini tazama kibano cha katikati:
uzi mmoja mnene, umevikwa waya,
mwenzake uko uchi, mwembamba.
Chuma kinaulalia ule mnene,
na ule mwembamba unateleza pembeni kimyakimya
kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Tena ukikaza, sauti inapanda.
Unaitafuta noti, unaipata, unafunga,
inaruka juu
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Vigingi kule kichwani vimebaki mapambo.
Basi ukaweka vikaza vidogo kwenye daraja,
dawa ya ugonjwa ulioutia mwenyewe,
navyo, mzunguko wa nne, vimefika ukomo.

Na daraja lenyewe! Umelisimamisha
juu ya makali mawili ya kisu,
springi zinavuta huku, nyuzi zinavuta kule,
amani ya majirani wanaochukiana.
Uzi mmoja ukikatika
mitano iliyobaki inapanda yote kwa pamoja.
Hilo nalijua bila gitaa.
Mama alipohamia Vaasa
sisi watano tuliobaki tulipanda sauti majira yote ya baridi,
mpaka Baba siku moja akanyamaza,
akavaa aproni, akaanza kumenya viazi.

Haya yote ningekusamehe.
Kinachonishinda ni matundu mawili.
Ulitaka kufuli lisiyumbe, ukatoboa shingo,
boliti mbili kutoka nyuma hadi mbele,
pale mbao ilipo nyembamba kuliko pote,
pale inapoinama kukifuata kichwa.
Kamba hukatikia pabovu, wanasema.
Wewe pabovu umepatengeneza,
ukapapima kwa rula.

Ufa niliupata kwa ukucha kabla ya jicho.
Nikaunywesha gundi, nikaubana usiku kucha,
matundu nikayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu,
kufuli nikalifunga kutoka juu, kwa skrubu fupi,
na ule uzi mwembamba nikautandikia
kipande cha shaba, kinene kama karatasi ya sigara.
Kazi ya siku tatu. Nimetoza ya siku moja.

Onni amerudi na theluji mabegani.
Akachomeka waya, akapiga,
akaubonyeza ule mkono wa chuma
mpaka nyuzi zikalegea kama kamba za viatu,
ngurumo ikashuka, ikapita sakafu,
ikaenda kwa Pentti katikati ya matairi,
kisha akauachia.

Ikarudi. Palepale.
Niliisikiliza kwa nia ya kutafuta kosa
na kosa sikuliona.

Kumbe ndicho ulichokuwa unakitaka,
kitu kiende mbali kabisa
kisha kirudi kama hakikuondoka.
Naelewa mtu angetoboa shingo kwa ajili ya hilo.
Nimeelewa, sijakubali.

Boliti zako mbili nimezitia
kwenye kopo la kahawa, pamoja na wenzao.
Sasa zimo themanini na tisa.
Moja ilipenya kwenye ubao wa sakafu mwaka juzi,
na Pentti aliichomoa
kwenye tairi la gari la posta.